Gitaa la Bodi ya Chuma: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mafundi wa kuchomelea wanaoweza kukutengenezea geti zuri wamejaa, kuanzia Gerezani pale Dar es Salaam hadi Kamukunji, Nairobi. Gitaa la umeme lenye bodi ya chuma ni kazi nyingine kabisa. Geti likipinda milimita 2, bawaba zitalivumilia na mwenye nyumba hatajua. Gitaa likipinda milimita 2, mpigaji atajua kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Tena geti halichomekwi kwenye umeme na kuvaliwa kifuani. Kwa sababu hizo mbili, maagizo haya hayana upole.

KABLA YA KUWASHA MASHINE

Tafuta shingo kwanza. Usikate bati hata kipande kabla shingo haijawa mezani kwako, maana vipimo vyote vinatoka kwake. Chukua rula ya chuma, ianzie kwenye kile kijipande cha mfupa chenye mifereji sita kilichoko upande wa vigingi, pima hadi katikati ya freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili. Jibu ndilo umbali wa kutoka mfupa huo hadi darajani. Shingo nyingi za mtindo wa Fender hutoa milimita 648, na za mtindo wa Gibson karibu 628. Shingo ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gitaa usilolijua, inaweza kutoa namba nyingine kabisa. Pima.

Usipime kwa tepu ya mfukoni. Ile ncha yake ya bati inayochezacheza hula milimita nzima bila kukuaga.

Acha nafasi ya kurekebisha darajani. Vile vitako sita vinavyobeba nyuzi husogea mbele na nyuma. Uzi mwembamba ukae kwenye kipimo ulichokipata, uzi mnene urudi nyuma milimita 3 hadi 5. Anayefunga daraja huku vitako vyote vimesukumwa mwisho hatakuwa na pa kukimbilia atakapogundua kwamba freti ya 12 inaimba juu ya sauti yake.

Usichomelee shingo ya chuma. Wamarekani walishapita njia hiyo. Travis Bean alianza kuuza magitaa ya shingo ya alumini mwaka 1974 kule California, na yapo yanayotafutwa hadi leo. Lakini shingo zile zilichongwa kwa mashine kutoka kwenye pande moja la alumini. Hazikuungwa kwa moto. Hata hivyo wapo wapigaji walionung'unika kwamba zina baridi mkononi. Kampuni ya Kramer iliyofuata ilipachika vipande vya mbao mgongoni mwa shingo ili kiganja kisikutane na chuma kitupu. Wewe funga shingo ya mbao kwa skrubu nne, yaishe.

Usitumie pande zima la chuma kwa bodi. Piga hesabu mwenyewe: bodi ya ukubwa wa Telecaster yenye unene wa milimita 45, ikiwa chuma kitupu, inafika kilo 35 hivi. Ya alumini nayo inapita kilo 10. Bodi ya chuma ni sanduku: bati la mbele, bati la nyuma na ukanda wa kuzunguka ubavuni.

Bati liwe geji 18, yaani milimita 1.2. Sanduku lake litakuwa na kilo 2 na nusu, na gitaa zima likikamilika litapita kilo 4 kidogo, uzito ambao wapigaji wa Les Paul wameshauzoea. Geji 16 inachomelewa kwa raha zaidi, ila mpigaji wa dansi anayesimama jukwaani hadi alfajiri ataikumbuka begani. Geji 20 ni mtego: inatoboka chini ya moto, na ikipona moto inabonyezwa na kiwiko. Kama hujawahi kuchomelea bati jembamba kuliko la mlango, chukua geji 16 na ukubali uzito.

Usichomelee mabati. Bati la kuezekea na bomba la maji vimepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za sentigredi, wakati chuma chenyewe huyeyuka karibu na 1,500. Maana yake, kabla chuma hakijashikana, wewe umeshavuta moshi mweupe. Usiku utatetemeka kwa baridi, viungo vitauma, utadhani ni malaria. Utakwenda kupima na hakuna mdudu atakayeonekana. Na maziwa hayatibu moshi huo, hata gereji nzima ikikuapia.

Usiguse tangi la petroli wala dumu lililowahi kubeba mafuta. Najua umbo la dumu linavutia. Afrika Kusini watu wametengeneza magitaa ya makopo ya mafuta kwa miaka mingi, lakini kopo lile hupachikwa shingo ya mbao bila moto wa kuchomelea. Mvuke wa petroli hujificha kwenye mikunjo ya bati muda mrefu baada ya pua yako kuridhika kwamba hakuna harufu.

Usiondoe grisi kwa dawa ya kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na mabaki yake yakikutana na joto na mwanga wa kuchomelea huweza kutoa fosjini, gesi iliyoua wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tumia maji ya moto na sabuni, kausha, futa kwa spiriti, subiri hadi spiriti yenyewe ikauke kabisa.

Alumini waachie wenye mashine ya agoni. Inaungwa kwa TIG ya mkondo wa AC na mkono uliokomaa. Fimbo za kawaida hazitakupa kitu cha kuonyesha mtu. Na ujue kwamba alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Gitaa la kwanza la umeme kuuzwa sokoni, lile la George Beauchamp na Adolph Rickenbacker wa Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa la alumini ya kusubu, na kwa umbo lake watu waliliita Kikaango. Lilisifika kwa sauti na kulaumiwa kwa nyuzi kuhama sauti kila taa za jukwaani zilipolichemsha. Mwaka 1935 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeshatoa gitaa la bakelaiti.

KINACHOSHIKA NYUZI

Seti ya kawaida ya nyuzi sita, zile zinazoanzia .010, ikikazwa inavuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala kwenye begi. Bati la milimita 1.2 haliwezi kubeba mzigo huo peke yake kwa miaka. Hapo ndipo magitaa mengi ya chuma ya mtaani yanapofia: ni mazuri kwa macho, siku ya kwanza yanaimba vizuri, baada ya miezi mbele kumebonyea na nyuzi zimepanda juu ya freti kiasi kwamba kidole kinauma.

Weka moyo wa mbao ndani. Kipande cha mninga uliokauka, upana wa milimita 80, kikae katikati ya sanduku kuanzia shingoni hadi nyuma ya daraja. Skrubu za shingo na za daraja zipite kwenye bati na kuuma mbao. Chuma kishike umbo, mninga ushike nyuzi. Ukikataa mbao kwa sababu za kiburi, basi simamisha flatibaa mbili za milimita 6 sambamba kutoka shingoni hadi darajani, uzipige pointi kwenye bati la mbele, na ufanye hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Usiweke mbao ndani kisha ukaanza kuchomelea. Ndiyo, wapo wanaofanya hivyo.

Bati la nyuma lifungwe kwa skrubu. Usilichomelee. Bila mlango huo hutaingiza mbao, hutatengeneza waya uliochomoka, na utakuwa umefungia hewa ndani ya sanduku huku unalipasha moto.

Mfuko wa shingo ukatwe kwa shingo yako. Kwa mtindo wa Fender ni upana wa milimita 56, urefu 76, kina 16. Shingo iingie kwa kusukumwa na mkono. Ikiingia kwa nyundo, piga tupa. Ikiingia huku inatikisika, kata mbao nyingine. Usijazie kwa gundi.

Usichanganye daraja la mtindo mmoja na kina cha mtindo mwingine. Daraja refu la mtindo wa Gibson juu ya bodi bapa iliyopimwa kwa Fender litainua nyuzi hadi zisishikike.

Tumia uzi wa fundi cherehani kabla ya kutoboa daraja. Shingo ikiwa imefungwa, vuta nyuzi mbili za cherehani kutoka mfereji wa kwanza na wa sita wa mfupa hadi kwenye daraja lililolazwa bila kufungwa. Inama utazame kutoka upande wa vigingi. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo iwe sawa kulia na kushoto hadi freti ya mwisho. Sogeza daraja hadi iwe sawa, weka alama, ndipo utoboe. Hatua hii haina njia ya mkato, na tundu la kekee halirudi nyuma.

MOTO

Mchomeleaji wa geti huvuta mshono mrefu na kujivunia magamba yake. Kwenye bati la geji 18 mshono mrefu ndio unaoua gitaa. Chuma kinachopashwa hutanuka, kikipoa husinyaa, na kikisinyaa upande mmoja huvuta bati zima upande huo. Utaona mbele ya gitaa kumejikunja kama chapati iliyosahauliwa juu ya kikaango, na hakuna nyundo itakayolinyoosha likarudi kama lilivyotoka dukani.

Piga pointi kwanza, pande zinazokabiliana. Moja juu, inayofuata chini. Moja kulia, inayofuata kushoto. Pointi na pointi ziachane milimita 30 hadi 40. Ukishazunguka bodi nzima, laza rula juu ya bati la mbele na uangalie mwanga unaopenya chini yake. Ikiwa bati limeanza kubonyea, vunja pointi mbili tatu, nyoosha, rudia. Pointi inavunjika kwa patasi. Mshono kamili hauvunjiki bila kuharibu bati.

Jaza vipande vifupi, visizidi milimita 15, na usifuatanishe viwili. Ruka upande mwingine. Baada ya kila vipande vichache weka kiganja juu ya bati: usipoweza kukiacha hapo, hujaruhusiwa kuendelea. Rangi ya buluu ikitambaa mbali na mshono, joto limekuwa jingi.

Usipooze kwa maji. Kawaida ya kumwagia ndoo ili kazi iende haraka iishie kwenye majembe.

Bana bati kwenye kitu kinene. Sahani ya chuma ya milimita 10 na klempu nyingi, kisha kipande cha shaba nyuma ya mshono kama unacho. Shaba hunywa joto na fimbo haishikani nayo.

Mashine iwe inveta, au mashine ya waya. Zile mashine za koili zinazosukwa mtaani zina moto mmoja tu, na moto huo ni wa geti. Kwa fimbo, tafuta za milimita 2. Ukikosa, za 2.5, ambazo dukani huitwa geji 12, ukishusha ampea hadi karibu 60. Ukiwa na mashine ya waya, tumia waya wa milimita 0.6 au 0.8. Fanya majaribio kwenye mabaki ya bati lile lile, si kwenye bati lingine lolote ulilookota.

Usisage mshono kwa hasira. Grainda nayo ni moto. Jiwe likikaa mahali pamoja bati hupinda hata kama uchomeleaji ulikuwa safi. Tumia diski ya msasa, pita na uondoke, pita na uondoke. Na kinga ya grainda ibaki mahali pake. Diski ya kukatia ikipasuka haiulizi una uzoefu wa miaka mingapi.

Usichomelee kwa miwani ya jua. Wala kwa kufumba jicho moja. Kwa ampea hizi unahitaji kioo cheusi cha namba 10 hivi. Macho hayatauma papo hapo. Yatauma usiku wa manane, kama yaliyotiwa mchanga, na mtoto anayesimama mlangoni kutazama cheche atalia pamoja nawe. Mfukuze kwanza.

PIKAPU NA CHUMA

Usilete pikapu mezani kabla ya moto kuisha. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele. Joto huyeyusha nta na plastiki yake, na vumbi la grainda hujikusanya kwenye sumaku kama siafu. Funga grainda, fagia, pangusa meza, osha mikono, ndipo ufungue boksi.

Tundu la pikapu kwenye bati liwe pana kuliko pikapu. Achia milimita 3 au 4 kila upande, kisha ining'inie kwenye fremu ya plastiki. Chuma kinachoikumbatia sumaku kinapotosha uga wake, na bati linalozunguka koili hupitisha mikondo midogo inayokula sauti za juu. Gitaa la solo linaanza kusikika kama limefunikwa blanketi. Seth Lover, aliyebuni pikapu ya humbucker kwa Gibson mwaka 1955, alichagua kifuniko cha aloi ya shaba, nikeli na zinki kwa sababu haipitishi umeme kwa urahisi kama shaba nyeupe, hivyo hupunguza hasara hiyo. Ukiweza kupata bati la chuma kisichoshika kutu la aina ya 304, halivutiwi sana na sumaku na litakusaidia hapa. Lakini moshi wake una kromiamu ya sumu: chomelea nje au penye feni inayovuta, na barakoa ya kitambaa haitoshi.

Usidhani chuma kinaua mvumo wote. Tony Zemaitis wa London alianza kufunika mbele ya magitaa yake kwa bati la chuma akitaka kuzuia mvumo unaoingia kwenye pikapu, na mengine yakachongwa nakshi na Danny O'Brien, mchongaji wa nakshi za bunduki. Magitaa hayo yakawa maarufu. Hata hivyo bati husaidia tu likiwa limeunganishwa na eathi ya waya wa gitaa. Lisipounganishwa, linakuwa antena uliyoichomelea mwenyewe.

Ukitaka kujisukia pikapu, hakuna aliyekukataza. Wanamuziki wa bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa walipaza sauti za likembe zao, zile ala za kupigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku zilizotoka kwenye vipuri vya magari na dunia ikawasikiliza. Lakini kwa gitaa la kwanza, nunua.

Usiache sanduku tupu. Bati lenye uwazi nyuma yake hupokea sauti ya spika na kuirudisha kwenye pikapu. Ukiongeza volumu gitaa linapiga yowe. Jaza kila pembe iliyobaki kwa sponji iliyobanwa au kitambaa kizito cha sufu. James Trussart, Mfaransa anayefanya kazi Los Angeles, hutengeneza magitaa ya chuma yaliyo matupu ndani na yana jina kubwa. Wewe si Trussart bado.

Linda chuma siku hiyo hiyo. Trussart huyo huyo hutia baadhi ya magitaa yake kutu makusudi, kisha huifungia chini ya rangi angavu. Kutu ya Mombasa au Tanga haingoji makusudi. Msasa, spiriti, rangi angavu koti tatu. Sehemu ya mkono wa kulia inayokutana na jasho ipakwe mara mbili ya kwingine. Lakini usipake pale waya wa eathi unapolehemewa. Kwaruza hadi chuma kiwe cheupe.

UMEME

Gitaa la mbao humgusisha mpigaji na eathi kupitia nyuzi na daraja tu. Gitaa lako linamgusa kifuani, tumboni, mkononi na pajani. Chuma hicho chote kimeungana na waya wa nje wa kebo, na waya huo umeungana na kasha la amplifaya. Kasha likipata umeme, gitaa limepata umeme, na mpigaji akigusa maikrofoni iliyo kwenye eathi nyingine, mkondo unapita kati ya mkono na mdomo wake.

Leslie Harvey, mpigaji gitaa wa Stone the Crows, alifariki namna hiyo jukwaani Swansea, Mei 1972, alipogusa maikrofoni isiyo na eathi sawasawa. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa nyumbani kwake Mei 1976 na gitaa la umeme ambalo eathi yake haikuwa sawa.

Usikate pini ya tatu ili kuondoa mvumo. Mvumo unaondolewa kwa kisanduku cha DI chenye swichi ya kutenganisha eathi ya sauti, wakati eathi ya umeme inabaki mahali pake.

Usichokonoe tundu la juu la soketi kwa biro ili kuingiza plagi ya pini mbili. Amplifaya inayotaka eathi na imenyimwa eathi ndiyo inayokungoja. Kila ukumbi una biro hiyo, imesimama kwenye soketi iliyo karibu na jukwaa, na fundi mitambo ataapa kwamba imekuwa hapo miaka yote.

Usiamini jenereta la harusi hadi umeona kwa macho yako waya wa eathi na fimbo iliyopigwa ardhini. Waya unaoishia hewani si eathi.

Tumia soketi yenye kikata-umeme cha miliampea 30 pale unapoweza kuibeba mwenyewe. Ni kisanduku kidogo, kinaingia kwenye begi la kebo. Na ukiwa na uwezo wa kununua kifaa cha kurushia sauti bila waya, kinunue kabla ya kubadilisha pikapu: kebo ikikosekana kati ya gitaa na amplifaya, njia ya mkondo nayo imekatwa.

Usitegemee rangi uliyopaka ikulinde. Koti tatu huchubuka mahali pa kwanza panapokutana na bizimu la mkanda.

Pima kabla ya kila onyesho, mahali pageni na mahali ulipopazoea. Multimita kwenye volti za AC, kipimo cha juu. Mtu mwingine alishike gitaa? Hapana, liegemee kwenye kiti kikavu cha plastiki, limechomekwa kwenye amplifaya iliyowashwa. Ncha moja ya multimita kwenye daraja, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Volti mbili tatu, endelea. Ikisoma 60, 110 au 230, kuna eathi iliyokosekana mahali fulani, hata kama ukigusa husikii kitu. Zima, chomoa, mtafute fundi umeme wa ukumbi. Kama hayupo, mwimbaji aimbe na bendi ipige, lakini gitaa la chuma libaki kwenye kiti hadi apatikane.